Kufuli na Mshika Ufunguo: Tathmini ya Screen Time, Digital Wellbeing na Family Link

Mtu akishtuka kwamba simu imekula usingizi wake, imekula mazungumzo yake na mwenzi wake, na sasa inakula na watoto, kwa kawaida hukimbilia kutafuta programu ya kumzuia. Hana haja ya kwenda mbali. Simu za iPhone zina Screen Time tangu iOS 12 ya mwaka 2018. Android zilipata Digital Wellbeing mwaka huohuo, na ukiweka simu lugha ya Kiswahili utaiona kwa jina la Nidhamu Dijitali. Kwa mtoto anayetumia Android kuna Family Link ya Google, iliyoanza kutolewa mwaka 2017. Tumezipima zote tatu kwa swali moja: je, zinarudisha muda wa nyumbani nyumbani? Kupima, zinapima vizuri. Kufunga, zinafunga kwa kadiri ya aliyeshika namba ya siri, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea siku ya kwanza kabisa.

Kabla ya kuzungumzia kufuli, ni vyema kujua mlango unaofungwa umetengenezwaje. Mwaka 2006 mbunifu Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ule ambao ukiteremsha kidole unazidi kujileta wenyewe, na baadaye amesema hadharani kwamba anajuta. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, na mwisho ule ulikupa nafasi ya kujiuliza, “Niendelee au niache?” Nafasi hiyo imeondolewa. Juu yake ikaongezwa zawadi isiyotabirika: mara unakuta video ya kuchekesha, mara huoni kitu, mara kuna ujumbe wa mtu unayemngoja. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwenye maabara, miongo mingi kabla ya simu hizi, kwamba njiwa anayepata punje bila mpangilio hudonoa kitufe kwa ukaidi kuliko anayelipwa kila mara. Kwa hiyo anayeshindwa kuiweka simu chini si mzembe. Anashindana na kitu kilichosukwa makusudi kimshinde, na ndiyo maana “nitajitahidi kupunguza” huwa haifiki Ijumaa.

Tuanze na kupima, maana hapo zana hizi zinastahili sifa. Wiki ya kwanza usifunge chochote. Washa tu, tumia simu kama kawaida, kisha siku ya saba fungua takwimu. Wengi hukimbilia jumla ya saa kwa siku, na jumla hiyo inapotosha. Ramani iliyowashwa kwa saa mbili njiani inahesabiwa, ilhali kipindi cha redio ulichokisikiliza skrini ikiwa imezimika hakihesabiwi. Zipo namba tatu zenye maana zaidi. Ya kwanza ni idadi ya mara ulizoinua au kufungua simu: iPhone huonyesha kuinua, Digital Wellbeing huonyesha kufungua. Ya pili, ambayo iPhone inaionyesha waziwazi, ni programu inayofunguliwa mara tu baada ya kuinua simu. Ukikuta ileile inaongoza siku zote saba, hiyo ndiyo ya kushughulikia, na nyingine ziache kwanza. Ya tatu ni chati ya saa kwa saa. Tazama nguzo za baada ya saa nne usiku na zile za kabla ya kutoka kitandani asubuhi. Usingizi huanza kuibwa kwenye nguzo hizo, na kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala.

Namba ya kwanza inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoumiza familia bila mtu kujua. Chukua mtoto wa miaka minne aliyeleta mchoro. “Mama, tazama.” Mama anasema “mmh” macho yakiwa chini. “Mama, tazama!” Mama anainua uso, anatabasamu, anarudi kwenye simu. Kwenye takwimu, tukio zima ni sekunde arobaini, halitikisi jumla ya siku. Lakini likitokea mara themanini kwa siku, mtoto amejifunza kwamba uso wa mama upo ila haupatikani. Mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha miaka ya 1970 kwamba mama akikaza uso bila kuitikia hata kwa dakika mbili tatu, mtoto mchanga huanza kuhangaika, akajaribu kila mbinu ya kumrudisha, kisha akageuka pembeni. Uso uliokazwa na simu haukukusudiwa, ila kwa mtoto tofauti hiyo haipo. Hivyo mzazi anayeripoti kwamba “natumia saa mbili tu kwa siku” huenda anasema kweli na bado nyumba inaumia, ikiwa saa hizo mbili zimekatwakatwa vipande mia na kumwagwa juu ya chakula, juu ya kazi za shule na juu ya maongezi ya jioni.

Sasa kufunga. Digital Wellbeing ndiyo rahisi kuliko zote kuwasha. Ingia kwenye mipangilio, tafuta Nidhamu Dijitali, fungua dashibodi, gusa programu inayokusumbua, weka kipima muda, tuseme dakika 30. Muda ukiisha programu hujifunga na aikoni yake hufifia. Inapendeza, mpaka utakapotambua kwamba kukiondoa kipima muda hicho ni kurudi palepale kwenye mipangilio na kugusa mara mbili tatu. Hakuna namba ya siri inayoulizwa. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni kusahau, kizuizi hiki kinatosha, kwani kinamkumbusha. Kwa mwenye uraibu hakitoshi hata kidogo: mkono wake huijua njia ya kukiondoa ndani ya wiki moja, na baada ya hapo anafanya hivyo bila kufikiri. Kuna na tundu la pembeni. Kipima muda cha programu ya mtandao wa kijamii hakiugusi mtandao uleule ukifunguliwa kwenye kivinjari. Kwenye Chrome unaweza kuwekea tovuti muda wake, lakini kivinjari kingine hakihusiki, kwa hiyo baki na kivinjari kimoja na vingine uviondoe.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ndani ya Digital Wellbeing ni hali ya kulala. Iwekee ratiba, mathalani saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na uruhusu skrini igeuke rangi ya kijivu. Rangi zikiondoka, picha na video hupoteza mvuto wa ghafla. Vidoti vyekundu vya arifa vinakuwa vijivu kama vitu vingine. Haikuzuii, ila inaiondolea simu utamu. Kwenye iPhone rangi ya kijivu ipo chini ya ufikivu (Accessibility), kwenye vichujio vya rangi, na unaweza kuifungamanisha na kubonyeza kitufe cha pembeni mara tatu. Tunaipendekeza kwa mtu mzima kuliko vipima muda.

Screen Time ina meno zaidi, ukiiwekea meno hayo. Tatizo ni kwamba inakuja bila meno. Ukiweka kikomo cha programu bila namba ya siri, muda ukiisha inatokea skrini nyeupe yenye picha ya kichupa cha mchanga, na chini yake maneno ya kukuruhusu upuuze kikomo. Gusa hapo, unapewa machaguo: dakika moja zaidi, nikumbushe baada ya dakika 15, au puuza kwa leo nzima. Mtazame mtu aliyezoea. Kichupa kinatokea, kidole gumba kinashuka mahali palepale, kinagusa, kinagusa tena, video inaendelea pale ilipokatikia. Hajasoma neno hata moja. Mwulize baada ya dakika tano kama kikomo kimetokea, na huenda asikumbuke.

Ili kufuli liwe kufuli, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza, weka namba ya siri ya Screen Time yenye tarakimu nne, tofauti na ile ya kufungulia simu, na iandikwe na mtu mwingine, mwenye simu akiwa ametazama kando. Pili, simu itakapouliza akaunti ya Apple ya kurejeshea namba hiyo ikisahaulika, iwekwe ya huyo mtu mwingine. Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo sababu kufuli hufunguka: aliyefungiwa anabonyeza “nimesahau,” anaingiza nenosiri la akaunti yake mwenyewe, anaweka namba mpya. Tatu, rudi kwenye kila kikomo uhakikishe umewasha chaguo la kuzuia kabisa muda unapokwisha, maana bila hilo kikomo kinabaki onyo tu. Ukimaliza, pitia orodha ya programu zinazoruhusiwa wakati wote. Programu ya ujumbe kwa kawaida imo humo, na mtu aliyezuiwa kila kitu anaweza kukesha akichati kupitia dirisha hilo moja.

Lipo kosa jingine linalozikumba Screen Time na Digital Wellbeing sawia, na sijui kwa nini halizungumzwi sana. Vikomo vya programu hujaa upya saa sita usiku kamili. Mtu ambaye saa yake moja imekwisha saa mbili usiku, akiwa macho saa sita, anapewa saa nyingine nzima, tena wakati mbaya kuliko wote. Kijana akishaligundua hilo, kikomo kinageuka kuwa sababu ya kukesha. Dawa yake ni kutotegemea kikomo peke yake. Weka na ratiba ya mapumziko ianzie saa tatu au saa nne usiku ivuke hadi asubuhi, hivyo saa mpya ya usiku wa manane inakuta mlango umefungwa kwa ufunguo mwingine.

Family Link tunaiweka juu kwa watoto wadogo. Inatofautiana na zile mbili kwa jambo la msingi: ufunguo uko kwenye simu ya mzazi tangu mwanzo. Mzazi anaweka kikomo cha siku, muda wa kulala, anaidhinisha kila programu kabla haijapakuliwa, na anaweza kuifunga simu ya mtoto papo hapo. Simu ikiwa imefungwa, mtoto bado anaweza kupokea simu zinazoingia na kupiga ya dharura, jambo linaloondoa hofu ya wazazi wengi. Simu ya mzazi inaweza kuwa Android au iPhone. Ya mtoto ni lazima iwe Android, au awe na Chromebook, yaani kompyuta mpakato inayotumia mfumo wa Google, ili vikomo vifanye kazi. Mtoto mwenye iPhone afungwe kwa Screen Time kupitia kikundi cha familia cha Apple.

Mitego yake ni miwili. Kikomo cha siku huhesabiwa kwa kila kifaa peke yake. Ukiweka saa mbili, na mtoto ana simu na kishikwambi, amepata saa mbili hapa na saa mbili pale. Gawanya kikomo kwa idadi ya vifaa, au kifaa kimoja kiwe cha shule tu na kiruhusiwe programu za shule pekee. Kwa upande huu Screen Time imeitangulia, kwani inaweza kujumlisha vifaa vyote vya akaunti moja. Mtego wa pili ni simu ya mzazi mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa akiyajua mafumbo ya kufungulia simu ya baba, Family Link yote iko mikononi mwake: anajiongezea dakika, anafuta historia ya arifa, anairudisha simu kwenye kochi. Kabla ya kumfungia mtoto, badilisha namba ya simu yako, na usiiandike akitazama. Watoto husoma mwendo wa kidole kuliko tarakimu.

Kuhusu muda wenyewe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 usizidi saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Kwa wakubwa zaidi, badala ya kugombania dakika, linda maeneo: meza ya chakula, chumba cha kulala, saa ya kazi za shule. Maeneo yakilindwa, dakika hujipunguza zenyewe.

Wengi huongeza ruta, wakipanga Wi-Fi izimwe usiku kwa kifaa cha mtoto. Ni nyongeza nzuri, hasa kwa televisheni na vifaa vya michezo ambavyo programu za simu hazivifikii, lakini ina udhaifu wa kiufundi wa kujua mapema. Ruta hutambua kifaa kwa anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, na kuanzia Android 10 na iOS 14 simu hujipa anwani ya kubuni kwa kila mtandao. Mtoto akiufuta mtandao na kuunganisha upya, au akichezea mpangilio huo, ruta inaweza kumwona kama mgeni asiye na ratiba. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kifaa chake, gusa mtandao wa nyumbani, uzime anwani hiyo ya kubuni kwa mtandao huo mmoja, kisha uisajili anwani halisi kwenye ruta. Afadhali zaidi, kama ruta yako inaruhusu, tumia ratiba inayozuia vifaa vyote isipokuwa vilivyotajwa. Na kumbuka kwamba laini yenye bando huipita ruta kama haipo.

Siku tatu hadi saba za mwanzo ndizo zitakazokujaribu. Tabia iliyokuwa ikilipwa, malipo yakikatwa, kwanza hupanda kabla ya kushuka: mtoto atalia zaidi, kijana atabamiza mlango, mtu mzima atakuwa na hasira za ghafla na mikono isiyotulia. Wengi husoma dalili hizi kama ishara kwamba zana haifai, wakaiondoa siku ya nne. Kibaya kuliko kuiondoa ni kuongeza dakika kumi katikati ya kilio ili kupata utulivu. Hapo umemfundisha mtoto kwamba kilio hulipa, ila si kila mara, na malipo ya aina hiyo ndiyo yaliyomfanya njiwa wa Skinner asichoke kudonoa. Ikiwa dakika za nyongeza zitatolewa, zitolewe mchana, kwa utulivu, kabla hazijaombwa kwa machozi. Maneno pia yana uzito. “Mwanangu, zimebaki dakika tano, maliza hapo ulipo kisha uniletee simu” humpa mtoto nafasi ya kufunga anachofanya. Skrini inayozimika katikati ya mchezo humwachia hasira tu.

Kati ya wenzi, zana hizi zinaweza kusaidia au kuharibu. Mume au mke anayemwomba mwenzake, “Nishikie namba, nisipewe hata nikiomba kabla ya Jumamosi,” amepata msaidizi. Anayewekewa kufuli bila kuulizwa amepata askari jela, na atatafuta simu ya pili. Kukubaliana kuwe kwa maneno yaliyo wazi: programu zipi, saa zipi, nani ana namba, na ni mazingira gani ya kazi au ugonjwa yanayoruhusu kufunguliwa. Takwimu za wiki mzitazame pamoja, kila mmoja akionyesha zake. Anayetazama za mwenzake huku zake akizificha hajatafuta suluhu, ametafuta ushahidi.

Pia kuna mahali zana hizi zinaishia. Shirika la Afya Duniani limeingiza uraibu wa michezo ya kidijitali kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Uraibu wa intaneti kwa ujumla haukuwekwa humo kama ugonjwa unaojitegemea. Vigezo vitatu vinavyotajwa kwa michezo ni kipimo kizuri hata kwa mitandao ya kijamii na video: mtu hawezi kujizuia, shughuli hiyo imetangulia mbele ya mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hutazamwa mwendo wa miezi 12, ingawa hali ikiwa nzito haingojewi. Anayekosa kazi au shule, anayekopa ili acheze, au ambaye nyuma ya simu kuna huzuni isiyoisha, kumpokonya simu ni kumwondolea dawa yake ya maumivu na kumwachia maumivu. Huyo anahitaji mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, na kufuli liwe sehemu ndogo tu ya mpango. Kwa kamari ya mtandaoni, kufunga programu bila kuhamisha usimamizi wa fedha ni kazi bure.

Tukizipanga: Family Link ndiyo bora kwa mtoto wa Android, Screen Time ndiyo bora kwa kijana au mtu mzima wa iPhone ikiwa tu namba na akaunti ya kurejeshea ni za mtu mwingine, na Digital Wellbeing ni kipimo kizuri chenye kufuli dhaifu. Mtu mzima wa Android asiyeweza kujizuia aondoe kabisa programu inayoongoza baada ya kuinua simu, aitumie kwenye kompyuta tu, kwa kuingiza nenosiri upya kila mara.

Na zote tatu hufanya kazi maradufu zikiongezewa vitu viwili visivyo na programu yoyote ndani yake. Cha kwanza ni saa ya mezani ya kuamshia, kwa kuwa “naihitaji kuniamsha” ndiyo sababu inayoingiza simu chumbani. Cha pili ni waya mrefu wa kuchajia vifaa kadhaa, uwekwe sebuleni au jikoni, mahali panapoonekana na kila mtu, simu za wazazi zikiwa za kwanza kuchomekwa saa ya kulala ikifika. Mtoto akipita usiku kwenda kunywa maji, azione zote zimelala pale, na ya baba ikiwemo.